Bismillahi ya Mama Bea

Jumamosi iliyopita walinipa maikrofoni. Ilikuwa matanga ya Mama Bea, kwenye ukumbi wa chini wa jengo letu la zamani kule South Beach, Durban, viti vya plastiki vimepangwa mpaka mlangoni pa lifti. Kwa desturi ya Wakongo, kabla ya chakula huwa kuna saa ya ushuhuda. Kila aliyemjua marehemu anasimama, anasema jambo moja aliloliona kwake kwa macho yake, watu wanaitikia, naye anakaa. Mimi ndiye niliyekuwa peke yangu na baraghashia ukumbini, na nadhani mchungaji aliniita kwa adabu tu. Nikasimama, nikasema Mama Bea alinisaidia kulea mtoto, nikakaa. Mchungaji akangoja kidogo, akidhani nimetua kuvuta pumzi, halafu akampa maikrofoni mtu mwingine. Binti yangu Rukia, aliyekuwa pembeni yangu, akaniinamia. "Baba, ndiyo hivyo tu?" Nikamjibu ndiyo hivyo tu. Mimi nimeumbwa hivyo, maneno yananijia watu wakishatawanyika na viti vikishakunjwa. Basi wametawanyika, na ushuhuda wangu ndio huu.

Mwaka ninaousema ni ule aliozaliwa Rukia. Mke wangu Zuhura alifariki mwishoni mwa mwezi wa tano, siku ya pili baada ya kujifungua, kwa damu ambayo haikukubali kusimama. Tulimzika alasiri, wanaume wachache tu, wengine hata majina yao sikuyajua, na mama yake alisikiliza mazishi kutoka Tanga kwenye simu niliyoishika mkononi mpaka ilipozimika. Mtoto alikuwa amekuja miezi miwili kabla ya siku zake. Alibaki hospitali ndani ya sanduku la kioo, mwekundu, mwenye mikunjo, miguu yake minene kiasi cha vidole vyangu. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, natengeneza simu kwenye kiduka karibu na mtaa wa Point, na kabla ya wiki ile nilijiona mtu mzima.

Baridi ya Durban haina sifa. Watu wa Johannesburg wakitusikia tunalalamika wanacheka, na kweli mchana ufukweni utawakuta watu wanatembea na fulana. Lakini fleti yetu ilitazama kusini, na huku jua la majira ya baridi hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane halikuingia ndani hata kidogo. Taa tuliwasha adhuhuri. Kuta zilitoa majimaji, na nyuma ya kabati ukungu mweusi ulipanda kutoka sakafuni. Saa kumi na moja jioni nje kulishakuwa giza, upepo unapiga filimbi kwenye fremu za madirisha. Fleti hiyo tuligawana kaya tatu. Mama Bea, msusi kutoka Bukavu, alikuwa na chumba. Mzee Sefu, fundi cherehani wa Pangani, alilala kwenye baraza iliyozibwa kwa vioo na mbao. Mimi na Zuhura tulikuwa na sebule, tumejikinga kwa kabati na pazia, na Zuhura alipoondoka sikuwa na nguvu hata ya kuondoa kanga yake iliyotundikwa kwenye mlango wa kabati. Niliiona kila nilipofungua macho.

Hospitalini kulikuwa na sista mmoja wa Kizulu, muuguzi mnene mwenye sauti ya kuamrisha. Siku moja alinikuta nimesimama kando ya lile sanduku, mikono mfukoni, akaniambia, "Baba, vua shati." Nikadhani nimesikia vibaya. Akarudia. Nilivua shati mbele ya akina mama wodi nzima, akanikalisha kwenye kiti, akamtoa mtoto akiwa na nepi na kofia tu, akamlaza kifuani mwangu, kichwa kimegeuzwa upande, akatufunga pamoja kwa kitambaa kirefu. Akanieleza kwamba mtoto aliyewahi kabla ya siku zake hawezi kujipa joto, anahitaji ngozi ya mtu, na kwa kuwa mama hayupo, ngozi iliyopo ni yangu. "Mchana na usiku," alisema. Nilimuuliza mpaka lini. Akanijibu kwamba mtoto mwenyewe ataniambia, siku atakapoanza kupigana atoke.

Wakaturuhusu katikati ya mwezi wa sita, na kuanzia hapo kazi yangu ikawa moja tu, kuwa na joto. Mwenye kiduka akaniambia nirudi nitakapoweza. Nilikaa kwenye godoro, nimeegemea mito, mtoto kifuani ndani ya kitambaa, koti juu yetu, blanketi juu ya koti. Nikila, nakula naye. Nikienda msalani, naenda naye. Maziwa nilimnywesha kwa kikombe kidogo, tone kwa tone, nusu yake yanatiririka mpaka kitovuni kwangu. Vijana wa Kitanzania waliokuja kunipa pole walinikuta nimefungwa kitambaa kama mwali, wakatazama sakafu. Mmoja akasema, "Salehe, si umpe mwanamke yeyote akubebee, kaka?" Hakurudi tena. Nami niseme lililokuwepo: sikuwa na upendo. Nilihisi uzito mdogo wenye jasho, na kila nilipotazama ule utosi nilihesabu kilichonitoka ili yeye aje. Kuna asubuhi niliamka nikatamani kumkuta baridi, ili nami nilale.

Kuswali nilikuwa nimeacha tangu tulipotoka makaburini. Sikumtangazia mtu. Mzee Sefu ndiye aliyegundua kwanza, maana mbao za baraza zilikuwa nyembamba na alizoea kunisikia nikitia udhu. Ijumaa ya kwanza aligonga mbao, akaniuliza kama naenda. Nikamwambia nina mtoto. Ijumaa ya pili akasema, "Mwenye mtoto kifuani anaswali ameketi, mwanangu. Hutakiwi kusujudu mpaka chini. Unainamisha kichwa kidogo, inatosha." Nikamjibu kwamba sina la kusema, nikimaanisha na Mungu. Akadhani sitaki kusema naye, akaenda msikitini peke yake. Sikumsahihisha.

Mama Bea hakunizungumzia dini hata siku moja. Alikuwa mlokole, mwenye kitenge chenye picha ya msalaba na kundi lake la maombi lililokusanyika chumbani mwake kila Jumatano mchana, lakini mimi aliniletea sahani. Bugali, ndio ugali wa kwao, sombe ya majani ya muhogo yenye mawese, samaki wadogo wa kukausha ambao harufu yao iliingia hadi kwenye blanketi. Aliweka sahani juu ya kigoda, akakaa chini sakafuni, akangoja. "Kaka Salehe, we unakasirika, minaona. Kasirika. Lakini bugali haina makosa. Kula." Nikikataa alikuwa hanisihi, anakaa tu, ananyoosha miguu yake iliyovimba kwa kusimama saluni, mpaka naona haya na kumega tonge.

Jumatano moja nilisikia wanawake wake wakizungumza kabla hawajaanza kuimba. Walidhani nimelala. Mmoja alisema, "Ule mutoto hatamaliza hii baridi. Nimemuona. Iko mudogo sana." Mwingine akasema afadhali Mungu amchukue mapema kuliko baba kumzoea. Kisha sauti ya Mama Bea. "Muimbe," akawaambia. Wakaimba. Nililala nimekodoa macho darini, na kilichoniuma si kwamba walisema, ni kwamba nilikuwa nimeshalisema mwenyewe.

Sista alikuwa amenionya juu ya jambo moja. Watoto waliowahi, alisema, husahau kupumua. Hawaugui kitu, akili yao ndiyo haijazoea kazi. Ukiona kimya, msugue mgongo, mgonge kisigino kwa ncha ya kidole, atakumbuka. Akikataa, kimbia. Hospitalini hali hiyo ilikuwa imekwisha, ndiyo maana walimruhusu. Huku kwetu ikarudi. Nilimpeleka tena, wakamlaza siku kadhaa, wakamwangalia, hakusahau hata mara moja. Tulipofika nyumbani jioni ileile akasahau.

Mara ya kwanza kabisa nilikuwa nakula. Unapombeba mtoto kifuani unazoea pumzi yake bila kuisikiliza, kama unavyozoea friji, na unaijua pale inapozima. Nikatazama chini. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Vidole vyangu vya kulia vilikuwa na bugali, nikaingiza mkono wa kushoto ndani ya kitambaa, nikatafuta mguu, nikagonga kisigino, na mdomo wangu ukasema Bismillahi. Sikukusudia. Nilifundishwa kuanza kila kitu hivyo, kula, kuvaa viatu, kupanda gari, kuingiza ufunguo mlangoni, na mdomo haukuwa na habari kwamba mimi nimegombana na mwenye jina hilo. Mtoto akashtuka, akavuta pumzi, akalia kile kilio chake chembamba. Nikamaliza kula mkono mmoja ukiwa ndani ya kitambaa.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Anasahau, nagonga, Bismillahi, anakumbuka. Siku nyingine mara chache, siku nyingine sikuweza kumaliza kikombe cha chai. Nilichoka uchovu ambao sijawahi kuuona tena maishani, wa kuogopa kusinzia. Sikuwa na matumaini yoyote, na sitaki mtu anayesoma hapa anipambe. Niligonga kwa kuwa kidole kilikuwa pale. Jioni moja Mzee Sefu aligonga mbao. "Salehe, nakusikia. Siku hizi unasoma sana."

"Sisomi, mzee. Namwamsha mtoto."

Akarudi kwenye kazi yake. Nilisikia kanyagio la cherehani likianza, likisimama, likianza tena. Kisha akasema, "Haya," na hakuniuliza tena habari ya Ijumaa.

Mama Bea ndiye aliyeniambia kwamba nitakufa nisipolala. Saluni yake haikuwa ikifunguliwa Jumatatu, na siku nyingine alichelewa kwenda. Akaanza kumchukua mtoto saa hizo. Aliingia chumbani mwake, akavua blauzi nyuma ya mlango, akatoka amejifunga mtoto kifuani, shuka mabegani, akaketi kwenye kiti cha jikoni karibu na jiko tulilokuwa tumebandika maji ya chai. Kulikuwa na jambo kuhusu watoto ambalo aliniambia mara moja tu, bila kuacha kuchambua sombe. Aliondoka Bukavu na mtoto mgongoni, na Durban alifika peke yake. Hakusema katikati kulitokea nini, nami sikuuliza. Nilimpa mtoto na maelekezo yote ya sista, nikalala kama gogo.

Nilipoamka siku moja nikamsikia jikoni akisema, "Bisimilayi." Nikadhani naota. Nikanyanyuka kwa kiwiko. Mama Bea, mlokole yule, alikuwa ameinamia kitambaa, kidole kinagonga kisigino. "Bisimilayi, mama. Bisimilayi." Mtoto akavuta pumzi.

Nikamuuliza anajua maana yake. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kitu cha kipuuzi. "Nitajuaje? Mi naona unagonga, unasema ile, anapumua. Kama minagonga bila kusema, asiposikia? Njo ile neno anajuaka."

Nilitaka kumweleza kwamba kinachofanya kazi ni kidole. Nikashindwa, maana sikuwa na hakika tena. Nikamwambia tu maana yake ni kwa jina la Mungu. Akafikiri. "Basi ni muzuri," akasema, akaniashiria nirudi kulala.

Jambo lenyewe halikukaa ndani. Mwanamke mmoja wa kundi la maombi alipita kuazima chumvi, akamkuta na mtoto kifuani akisema Bisimilayi yake, na kabla ya Jumapili kanisa zima lilikuwa linaulizana kama Mama Bea amegeuka. Wakamwita baada ya ibada, wakamkalisha. Alinisimulia mwenyewe huku akicheka na huku ameumia, maana watu wale ndio waliompokea alipofika mjini na hakuwa na wengine. Aliwaambia, "Sijageuka. Mutoto anasikiaka ile tu. Mukinipatia ingine yenye anasikia, nitasema ile." Wakamwambia aseme jina la Yesu. Akawaahidi atajaribu. Jumatatu nilimsikia akijaribu, aligonga na kusema Jina la Yesu, halafu palepale, bila kutua, akaongeza Bisimilayi. Hakutaka kubahatisha.

Katikati ya mwezi wa saba ikaja Jumatano ya mvua. Umeme ulikatika jengo zima tangu asubuhi, upepo ulitoka baharini na maji yalikuwa yanapenya chini ya madirisha. Kundi la maombi lilikuja hivyohivyo, na kwa kuwa chumba cha Mama Bea ndicho pekee kisichovuja, na watu wengi hutia joto, alinichukulia mtoto akaenda kukaa naye katikati yao. Nami nikasinzia. Niliamshwa na kukatika kwa wimbo. Nyimbo zao hazikuwa na kawaida ya kukatika. Nikasikia Bisimilayi, mara moja, mara ya pili, kisha mfululizo, sauti inapanda. Nikaenda mpaka mlangoni pa chumba, nikasimama. Mama Bea alikuwa amepiga magoti, kitambaa kimefunguliwa, mtoto amelazwa mapajani rangi ya kijivu kama majivu ya mkaa, kidole kinagonga, kinagonga. Wale wanawake walikuwa wamesimama ukutani wamejishika vinywa. Kisha mmoja, yuleyule aliyesema hatamaliza baridi, akapiga magoti, akashika mguu wa pili, akagonga na kusema, "Bisimilayi." Na mwingine. Wote wakasema, kila mmoja kwa matamshi yake, chumba kizima cha walokole wenye vitenge vya msalaba, na mimi, niliyezaliwa nalo neno hilo, nimesimama mlangoni sijalisema. Nililiona jambo lile na nikaona hapana mwingine wa kumwomba ila yule niliyegombana naye. Nikasema nao.

Akavuta pumzi. Ilikuwa ndogo, ya kukwaruza, halafu nyingine. Mama Bea alimfunga kifuani na shuka likabaki sakafuni. Tulishuka ngazi gizani, lifti ikiwa imezima, wanawake wanatumulikia kwa simu, mmoja mbele anasimamisha taksi kwenye mvua. Hospitali ilimbakiza mpaka mwezi wa nane ulipoingia, wakampa dawa ya kumkumbusha kupumua, nami nikakaa naye kifuani kwenye kile kiti cha wodi.

Usiniulize kama nilipona, maana sikupona. Kanga ya Zuhura ilibaki mlangoni mwaka mzima, na hata leo nikimfikiria saa mbaya kifua kinanibana palepale alipolala mtoto. Mungu sikumsamehe. Nilirudi kuzungumza naye, ni hilo tu, kama mtu na jirani waliogombana lakini wanatumia ngazi moja. Tulipotoka hospitali Mzee Sefu alitandika mkeka wake karibu na godoro langu, akaswali magharibi, nami nikaketi nyuma yake na mtoto kifuani, nikainamisha kichwa kidogo kila aliposujudu. Nikahisi pumzi ya mtoto shingoni. Siku aliyoacha kusahau kupumua siijui. Nilikuja kugundua tu, pepo za mwezi wa nane zikiwa zimekwisha, kwamba ni muda sijagonga, na kwamba mtoto anarusha mateke anataka kutoka. Siku hiyo ndiyo niliyomwita Rukia kwa mara ya kwanza, jina alilolichagua mama yake. Kabla ya hapo sikuthubutu.

Sasa Rukia anaishi mtaa wa Glenwood, ana kazi yake, ananikaripia nisipovaa sweta. Ndiye aliyenipigia simu wiki mbili zilizopita kwamba Mama Bea amekataa kurudi hospitali, moyo umechoka na anataka kitanda chake. Nikaenda. Fleti ni ileile, ukuta uleule unatoka majimaji, na taa ilikuwa inawaka ingawa ilikuwa saa nne asubuhi. Mke wa mchungaji alikuwa jikoni anachemsha chai. Mama Bea hakuwa akisema tena. Alikuwa anapumua, anasita, anapumua. Rukia alikaa upande wa kichwa akampangusa midomo. Mimi nikakaa upande wa miguu.

Pumzi ikasimama. Sikufikiri. Mkono wangu uliingia chini ya blanketi, ukatafuta kisigino, kidole kikagonga. "Bismillahi." Mama Bea akavuta pumzi ndefu. Mke wa mchungaji akatokea mlangoni na kikombe, akasimama palepale. Ikasimama tena. Nikagonga. Akapumua. Ikasimama tena, nikagonga, nikagonga, na mara hii nilisikia mvua tu dirishani.

Rukia akanishika mkono kwa juu ya blanketi. "Baba," akasema, "mwache."

Mahali pale sisi husema inna lillahi, na kila Mwislamu anayajua maneno hayo hata akiamshwa usingizini. Hayakuja. Nikafunika kile kisigino kwa kiganja, kilikuwa kimepasukapasuka kwa miaka ya kusimama saluni na bado kilikuwa na joto. Sikugonga tena. Nikasema Bismillahi.